Weka Furu

Benchi letu liko mbele ya duka la Baldev hapa Webuye, duka la redio, betri na nyaya, na mtu akikuambia ni kijiwe cha wavivu, mwambie nimesema mimi kwamba ni mwongo. Hapo ndipo shida za dunia hutatuliwa kila jioni, kikombe kwa kikombe, kahawa ikiwa ya Viola anayetuuzia hapo hapo. Bingwa wetu ni Barasa, tunamwita Wati, maana kwake kila kitu hupimwa kwa wati, hata ng'ombe. Mshindani wake ni Kipkemboi wa Kitale, aliyefagia kiwanda cha karatasi miezi michache akatoka na jina la Injinia. Juzi akaja Jairus amebeba spika iliyoungua. Jairus hukodisha mziki kwa harusi za Bungoma nzima, lakini safari hii hakutoka harusini. Jumamosi alikuwa amemzika babake kule Bokoli, na sote tulikuwepo.

JAIRUS: Baldev, hii inatengenezeka leo? Kesho kuna kumuse ya mzee wangu, mzee wa mila anakuja kuhutubia wafiwa.

BALDEV: Hii? Hii imekufa kabisa. Nani aliipandisha hivi?

Sote tukamtazama Wati. Kwenye mazishi ndiye aliyekaa karibu na amplifaya akipiga kelele sauti ipandishwe mpaka mwisho, "Weka furu! Weka furu!"

WATI: Si watu walikuwa hawasikii? Ningefanya aje, bana?

JAIRUS: Mama yangu alikuwa anaongea juu ya baba. Ameshika maiki hapa kwa tumbo kama sufuria. Wati akaweka furu, spika ikapiga mluzi, ikanyamaza. Mpaka leo sijui mama alisema nini.

VIOLA: Si umuulize?

JAIRUS: Nilimuuliza. Ati maneno ya kaburini hayarudiwi.

Hapo niliumia, sitaficha. Hata Injinia aliweka kikombe chini.

JAIRUS: Kesho mzee wa kumuse anaongea, na hiyo ndio ya mwisho. Sitaki tena mchezo. Hata yule amekaa mbali kabisa huko kwa migomba, lazima asikie baba alikuwa mtu wa aina gani.

WATI: Basi ni rahisi. Ile amplifaya yako ni wati ngapi?

JAIRUS: Mia mbili.

WATI: Tafuta ya mia nne. Sauti inakuwa mara mbili. Hiyo ni hesabu ya darasa la tatu!

BALDEV: Darasa la tatu halikufundisha masikio, Barasa. Ukitoka mia mbili uende mia nne, mtu ataona imepanda kidogo tu. Ukitaka sikio liseme imekuwa mara mbili, unatafuta kama elfu mbili.

WATI: Elfu mbili! Sasa umeongea! Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma. Tutafute debe kubwa.

INJINIA: Wewe ndio debe. Sikiza mimi nimefanya kazi kiwandani. Shida si wati, shida ni hicho kifundo cha volyumu. Kikiwa nusu, amplifaya inatumia nusu ya wati. Ile nusu ingine inabaki ndani, inaanza kuoza. Siku ukizungusha furu, inatoka yote na harufu. Ndio maana spika iliungua.

VIOLA: Wati zinaoza?

INJINIA: Kama maziwa. Haraka haraka haina baraka.

BALDEV: Injinia, kifundo ni mfereji. Unafungulia kile kimeingia. Kama mama amekaa mbali na maiki, hakuna maji. Utafungua mpaka mwisho, na kitu utapata ni upepo na mluzi. Na mfereji unaweza kufika mwisho wa maji hata kabla kifundo hakijafika nusu.

INJINIA: Hiyo ya maji ni ya Baraza la Maji. Hapa ni stima.

WATI: Mimi nasema spika tupande nazo juu ya mti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

INJINIA: Juu ya mti sauti itaenda Myanga! Marehemu ni wa Bokoli!

WATI: Wacha iende! Hata Mlima Elgon usikie!

Walipofika Mlima Elgon wote wawili walikuwa wamesimama. Mate yalikuwa yanaruka mpaka kwenye birika la Viola. Jairus alikuwa amekaa, mkono juu ya spika. Hapo ndipo alipokuja mama mmoja kununua betri za tochi, na Baldev akamwamkia kwa heshima. Ni Nakhumicha, mke wa mzee ambaye kesho angesimama kuhutubia waombolezaji.

NAKHUMICHA: Mwanangu Jairus, pole tena. Hawa wanagombana nini?

JAIRUS: Ni maiki ya mzee, mama. Tunatafuta nguvu ya kutosha.

NAKHUMICHA: Sawa. Lakini mzee wangu mkono huu ni fimbo. Mkono huu anashika ngozi ya mabega isianguke. Na anatembea, huko na huku, mpaka amalize. Hiyo maiki atashika na mkono gani?

Wati alifungua mdomo.

WATI: Tunafunga kwa fimbo?

NAKHUMICHA: Hiyo fimbo haifungwi kitu.

JAIRUS: Basi nitamfuata, nimshikie.

NAKHUMICHA: Wewe ni mtoto wa marehemu na hujui? Akianza, hakuna mtu anasimama, hakuna mtu anapita. Ukiingia hapo ananyamaza. Na akinyamaza, ameenda nyumbani.

Akangoja jibu. Injinia akatazama viatu vyake. Wati akatazama viatu vya Injinia. Tangu nikalie benchi hilo sijawahi kusikia kimya kama kile. Ndani yake Viola akainamisha birika, akaangalia, akasema kwa sauti yake ndogo, ile ambayo kila siku humbidi arudie mara tatu:

VIOLA: Kahawa imeisha.

Ng'ambo ya barabara, karibu na pikipiki, kulikuwa na jamaa aliyekuwa anakuja na kikombe chake. Alisikia, akageuka, akarudi alikotoka.

Jairus alimwangalia jamaa yule mpaka akapotea.

JAIRUS: Baldev. Hiyo ilikuwa wati ngapi?

Baldev alicheka tu, akatikisa kichwa.

JAIRUS: Kaa na hiyo spika. Kesho jenereta siwashi. Viti navuta vyote karibu, hata vile vya migombani, na mama yangu anakaa mbele. Wati, wewe na Injinia mtakaa kando yake, huku na huku. Na mtu akifungua mdomo, namtoa mimi mwenyewe, na ndio mimi mfiwa.

INJINIA: Hata kukohoa?

JAIRUS: Kohoeni leo.

Wati alikuwa na neno. Tuliliona limefika kooni, limejaa furu. Akalimeza na kahawa iliyobaki kikombeni mwake.