Upande wa Pili wa Bango

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja lililoegemea ukuta, kati ya duka la Kinyozi na kibanda cha Fundi cherehani. Tangu kijana wa Kinyozi aanze kualikwa redioni na kuitwa mwanaharakati, Kinyozi ndiye aliyeleta chupa ya kahawa kila alasiri, naye Fundi aliinywa huku wivu ukimkwaruza koo. Vijana wao walitoka pamoja asubuhi ya maandamano ya kudai maji. Wa Kinyozi alirudi na sifa. Wa Fundi aliletwa amefunikwa shuka. Fundi alikuwa mtu wa sala, na Mungu alimjalia kumwombea hata askari aliyefyatua ile risasi. Lakini kumwombea kijana wa Kinyozi maisha marefu, ulimi ulikuwa mzito.

— Jana mlimsikia redioni? — aliuliza Kinyozi akimimina.

— Tulimsikia, — alisema Fundi. — Alishukuru watu wengi.

Hakuongeza kwamba alitega sikio mpaka mwisho, na jina alilolingoja halikutajwa.

— Ila hata yeye hakueleza vurugu zilianzaje, — alidakia Profesa, karani mstaafu aliyeitwa hivyo kwa sababu ya miwani yake. — Si askari, si vijana. Ni muundo wa jamii! Chukua hili benchi. Tumekaa wanne, limejaa. Wa tano akija atasimama. Akichoka atatusukuma, nasi tutamwita mhuni. Nani atamuuliza seremala kwa nini alitengeneza benchi fupi?

— Kwa hiyo tukamkamate seremala! — alisema Breki, aliyeendesha malori mpaka magoti yakamshinda. — Unazunguka mno, Profesa. Tatizo ni viatu.

— Viatu gani tena?

— Buti za askari. Mtu amebanwa vidole tangu alfajiri, jua linamchoma utosi, halafu wewe unakuja kumwimbia. Wavalishe ndala uone kama kuna atakayepigwa.

— Na ndala atamkimbizaje mtu?

— Si ndiyo hoja yangu hiyo, bwana!

Walicheka. Kinyozi akasubiri kicheko kipoe.

— Nyinyi hamvioni vichwa kama ninavyoviona mimi. Ghasia zinakaa kisogoni. Nywele zikisongamana pale, damu inachemka. Wangu nilimnyoa asubuhi ile ile, kichwa kikapata hewa. Ndiyo maana alitulia, akajua pa kukimbilia.

Breki akakohoa. Profesa akavua miwani na kuanza kuifuta.

— Wangu naye ulimnyoa wewe, — alisema Fundi polepole. — Asubuhi ile ile.

— Ndugu yangu, sikuwa na maana hiyo.

— Najua. Basi nami niseme la kwangu kuhusu huo muundo. Kuna watoto wa kutajwa na watoto wa kuzikwa. Mengine yote ni kahawa tu.

Hapo akafika mama mmoja muuguzi, mpangaji mgeni mtaani, kuchukua sare yake iliyopunguzwa kiuno. Fundi alipoinuka kumtafutia, mama yule akachungulia mlango wa jirani. Juu ya kioo cha Kinyozi ilibandikwa picha ya gazeti: kijana wake, mdomo wazi, ameshika mti wa bango.

— Mbona bango limekatika? — aliuliza. — Upande wa pili uko wapi?

Profesa akairudisha miwani machoni, akaangalia miguu yake. Fundi alisimama na sare mkononi. Yeye anayekata vitambaa aliujua ukingo ule wa picha tangu siku ya kwanza. Ilikatwa kwa mkasi mdogo, mstari ukayumba.

Kinyozi akaitikisa chupa ya kahawa. Haikuwa na kitu. Akaingia dukani, akafungua droo ya nyembe, akarudi na kipande cha gazeti.

— Sikuweza kunyoa huku mwanao akiniangalia pichani, — alisema. — Kila niliposhika wembe, namwona ananiuliza mbona mwenzake alirudi. Nisamehe, kaka.

Fundi akakipokea. Alikuwepo mwanawe, bega limepanda juu kama kawaida yake, ameshika mti wa pili, ambao baba yake mwenyewe aliushonea mfuko pembeni mwa kitambaa. Alimtazama mpaka muuguzi akajitafutia pa kukaa.

— Niletee na wako, — alisema.

— Wangu wa nini?

— Bango lile nimelishona mimi. Halisimami kwa mtu mmoja.

Kinyozi akaibandua picha kiooni. Fundi akaketi kwenye cherehani, akalegeza uzi, akaongeza urefu wa mshono ili karatasi isichanike, akaviunganisha vipande viwili taratibu. Maneno ya bango yakasomeka tena.

— Asante, kaka, — Kinyozi alinyoosha mkono. — Nitairudisha pale pale.

— Hapana. Itakaa kwangu.

— Kwako?

— Kwangu. Wewe wako yupo, nenda kamtazame.