Dada Punguza, Mkaguzi wa Kelele wa Halmashauri ya Jiji

“Zima mashine.”

“Nizime, halafu wanangu niwachemshie mawe?”

“Mdogo wangu, nimesema zima. Nyuma ya ukuta huu kuna mzazi na pacha wachanga.”

“Umekuja na gari, na askari wa jiji, na mnyororo, ndiyo unaniita mdogo wako? Wewe si dada yangu. Wewe ni halmashauri.”

Hivyo ndivyo marehemu alivyoachana na mdogo wake wa kiume, fundi wa mageti, mbele ya karakana asubuhi ya tarehe 4 Februari 2019, majirani wakitoa macho. Marehemu alifunga mlango kwa mnyororo, akapanda gari, akalia mpaka ofisini. Kwa kuwa wengi wenu mnamjua kwa siku hiyo moja tu, ni haki yake asimuliwe tangu mwanzo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya soko, mtoto wa kwanza wa seremala na muuza mboga. Alikuja duniani akilia. Mama yake anasema kilio kile kilisimamisha mnada sokoni, na kuku wa jirani hawakutaga juma zima. Jirani anadai hakuwahi kufuga kuku, lakini yule tangu zamani ni mtu wa kubisha. Mdogo wake alipozaliwa, marehemu ndiye aliyembeba mgongoni, hata mtoto akawa halali mgongoni mwa mtu mwingine yeyote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1978, akamaliza sekondari mwaka 1988. Mwalimu alimpa kazi ya kuandika ubaoni majina ya wapiga kelele. Siku moja mwalimu akarudi darasani akakuta jina moja tu, la mwandishi mwenyewe.

“Wewe ulipiga kelele gani?”

“Ya kuwanyamazisha, mwalimu.”

Mwaka 1992 aliajiriwa na halmashauri, akawekwa dirisha la malalamiko. Watu walimletea mashimo ya barabarani, taa zilizokufa na mifuniko ya mitaro iliyoibwa. Wengine walimletea waume zao. Mwaka 1997 alipandishwa kuwa mkaguzi wa kelele. Wenzake walikuwa wakitega kipima sauti langoni kwa mwenye kelele. Yeye alikwenda kukaa pale anapokaa mlalamikaji: kama ni jikoni, jikoni, kama ni kitandani, kitandani. Wenye baa wakimwona kwa mbali tu, walipigiana kelele, “Punguza, punguza!” Jina likamganda.

Mumewe alimpata kazini. Mwezi Aprili 1998 alisimamisha mashine ya kushindilia lami iliyokuwa ikitetemesha madirisha ya shule wakati wa mtihani. Ilikuwa mashine ya halmashauri hiyo hiyo.

“Dada,” dereva akamwambia, “mimi na wewe tunalipwa dirisha moja.”

“Basi kanisubiri dirishani.”

Akamsubiri kweli. Walifunga ndoa tarehe 11 Desemba mwaka huo huo.

Sasa turudi kwenye karakana. Mama wa pacha alipolalamika, marehemu alikwenda akaketi kitandani kwake. Aliwaona wale watoto wamefumbua vinywa, nyuso zimewaiva kwa kulia, na sauti yao haisikiki. Vyuma vilikuwa vimeimeza yote. Kwa kuifunga karakana hakukosea. Alipokosea ni kwamba hakupita kwanza nyumbani kwa mdogo wake, akavua kofia ya kazi, akanywa maji, akamweleza kama dada. Aliogopa kuambiwa anapendelea ndugu, akaenda kama mgeni. Fundi akahamisha karakana pembezoni mwa jiji, wateja wakampungua. Kila salamu aliyotumiwa ilirudi kama ilivyokwenda.

Mwaka 2022 moyo wa marehemu ulianza kuchoka, miguu ikavimba. Mwezi Mei 2023 alilazwa hospitali. Hata ndani ya gari la wagonjwa aliliambia kila shimo jina la aliyepaswa kuliziba.

“Hili ni lako, mume wangu.”

“Hilo ni la watu wa maji,” mumewe akajitetea, machozi yakimtoka.

Wodini, kila mlango ulipolia aligeuza shingo. Akiona ni nesi, alitabasamu kwa adabu, akarudi kutazama dari. Kila mtu alijua anamngoja nani, na hakuna aliyethubutu kumtaja.

Alifariki tarehe 9 Juni 2023, saa moja jioni. Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mdogo wake, na mama yake mzazi, ambaye hesabu zake zote zilikuwa kwamba atazikwa na huyu. Mola amlaze palipotulia, na asiwepo wa kumwamsha.

Mnaonong’ona huko nyuma mkiulizana kama ndugu hawa waliagana, sikilizeni. Alasiri ya siku hiyo ya mwisho, mama yake alikuwa akimgombeza.

“Akija, usimwanzie habari za sheria.”

“Haji, mama.”

“Atakuja. Nimempelekea habari kwamba umeshakufa mara mbili ukafufuka, na ya tatu hutanii.”

Marehemu alicheka mpaka akakohoa. “Mama, uongo huu utakuua kabla yangu.”

“Laiti,” mama yake akasema.

Kisha marehemu akamshika mkono.

“Basi akija na mimi sipo, mwambie karakana ningeifunga tena. Lakini ningekuja kwanza kwa miguu, peke yangu. Mwambie siku ile mimi nili—”

Mlango ukafunguka. Mdogo wake alikuwa amesimama pale na ovaroli lake lenye matundu ya cheche, anahema kama aliyepanda ngazi mbio. Marehemu akaliacha neno lilipofika. Akajisukuma taratibu mpaka ukutani, ili kitandani pawe na pa kukaa.