Kifungashio Kilichofuta Kadi za Watoto

Shikamooni wazee wangu. Na wengine wote, salaam. Leo sijasimama kuimba, nimesimama kwa aibu.

Mnajua natengeneza programu za kompyuta, nyumbani kwangu Buhongwa. Niliandika moja ya kutunza kadi za kliniki za watoto. Ni ya bure, na yeyote ana ruhusa kuirekebisha. Sasa, programu ikishaandikwa lazima ifungashwe ili watu waweze kuisakinisha, na namna za kufungasha ni nyingi. Nikachagua ya kisasa, ile inayoifungia programu na kumbukumbu zake pamoja, ili waandika programu wenzangu wa mtandaoni wanisifu. Ukiiondoa programu, na kumbukumbu zinafutika. Ndugu zangu, nawaambia kweli, nilijua. Sikuandika onyo hata mstari mmoja.

Muuguzi mmoja wa zahanati, upande wa Usagara, aliitumia karibu mwaka mzima. Siku moja akanipigia: "Mwanangu, imegoma kufunguka."

Nilikuwa nakula. "Iondoe tu mama, uisakinishe upya."

Akaniamini. Baadaye akapiga tena. "Imefunguka, lakini watoto wangu hawamo."

Nikamwambia ni virusi. Na yeye, mtu mzima yule, akaniomba msamaha! Eti labda ni flashi aliyoichomeka.

Jumapili ile niliimba hapa mbele yenu, mkaitikia. Mimi moyoni sikuwepo.

Alhamisi akanipigia kuniaga. Amemwomba mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati yao, amtoe kwenye kompyuta, maana yeye ni mharibifu. Nilikaa chini sakafuni. Mke wangu akaniuliza kuna nini, nikamweleza yote. Akasema neno moja: "Nenda."

Nikaenda zahanati, nikakiri mbele ya muuguzi na mganga wake. Muuguzi akauliza, "Kwa hiyo si mimi?"

"Si wewe, mama. Ni mimi."

Akavuta kiti. "Kaa. Kina mama nimewaita warudi na kadi zao za karatasi. Nitasoma, wewe utaandika."

Tuliandika wiki mbili. Nikaifungasha upya programu: faili moja la kubeba kwenye flashi, na kumbukumbu zinakaa kwenye folda anayoiona kwa macho yake. Wenzangu wa mtandaoni wameiita ya kizamani. Sawa.

Namshukuru mama yule, mganga wake, na mke wangu. Nilichojifunza: kabla ya kumchagulia mtu chombo, kaa kwanza kwenye kiti chake.

Msinipigie makofi. Wako watoto ambao kadi zao hatujazipata mpaka leo. Kama kuna mama hapa aliyemchanjisha mtoto kule Usagara na hajaitwa, tafadhali tuonane pale mlangoni. Nimekuja na kompyuta.