Kocha Kashika Darasa

Kwenye basi la asubuhi mjini Toledo, Corinne Vasko alikuwa anasinzia mpaka mwanamke wa kiti cha mbele alipoanza kumtambia mzee aliyekaa naye.

"Binti yangu yuko sekondari, lakini hesabu anazosoma ni za chuo kikuu. Siku akiingia chuo, yeye kashazimaliza!"

"Mimi vitu vya rahisi hivyo siviamini," mzee akasema.

"Usiamini! Hata mwalimu wao alipohama Januari, somo halikusimama. Kocha wa mpira wa kikapu kalishika. Watoto wanampenda huyo!"

"Kocha kasomea hesabu?"

"Kasomea kushinda!"

Usingizi ukamruka Corinne. Mpango huo wa chuo, wa kuwasomesha wanafunzi wa sekondari masomo ya chuo, aliuratibu yeye. Mwalimu ambaye chuo hakijampitisha akifundisha, somo linafutwa kwa darasa zima, na habari za kocha hakuna aliyempa. Alitakiwa akalikague darasa Februari. Akaogopa theluji, akaahirisha. Sasa ni Aprili, mitihani iko mlangoni.

Mwanamke akageuka, akaiona nembo ya chuo kwenye koti lake. "Ee, dada, wewe si wa pale pale? Hebu mwambie huyu mzee mbishi. Mwanangu somo la chuo kashalipata, au sivyo?"

Basi likafunga breki.

"Nashuka hapa," Corinne akasema, na chuo kilikuwa bado mbali. Akashuka. Dirishani yule mama akampungia mkono, kwa furaha ya mtu aliyejibiwa ndiyo.