Kiti Kipya cha Mzee Isidori

Kwenye bajaji ya kwenda Msamala nilikaa na mzee asiyeweza kutembea na jamaa anayejitolea kanisani kwao. Kiti kipya cha magurudumu cha mzee, kikiwa kimekunjwa, kiliegemea magoti yangu, kwa hiyo nilijiona nina haki ya kusikiliza.

“Mzee Isidori, kiti kinakubana?”

“Hakinibani, Crispin. Kizuri sana. Ila tangu mkilete, hamji tena kwangu.”

“Si sasa unakwenda kanisani mwenyewe? Ndiyo maana tulikuletea.”

“Zamani mlikuwa mnakuja kila Jumapili kunibeba. Tunakunywa togwa, mnabishana leo ni zamu ya mgongo wa nani. Sasa nafika kabla ya padri, na sijaongea na mtu.”

Crispin alieleza kwamba huko ndiko kujitegemea, walifundishwa kwenye semina. Mzee akasema semina hiyo yeye hakualikwa.

Bajaji ikasimama. Crispin akashuka, akakikunjua kiti na kukaza breki. Mzee akakitazama kwa mapenzi kabisa, kisha akanyoosha mikono yote miwili.

“Kiti nitakikalia kesho,” akasema. “Leo lete mgongo.”