Kandida Tarimo na Miguu Isiyotaka Kutulia

Baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi, Bi. Kandida Tarimo, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Anneth, anastaafu leo tarehe 30 Juni 1998. Wasifu huu nimeombwa kuuandika mimi Lerionka, karani wa stoo, zamani dereva. Nimekubali kwa furaha, ingawa mwenyewe aliposikia alisema, "Andika kifupi, mwanangu. Unajua mimi sikai."

Aliajiriwa katika kiwanda chetu cha sabuni, hapa Elerai, mwaka 1972, chumba cha kufungasha. Huko alikutana na marehemu Stanley, dereva wa lori, wakafunga ndoa na kumpata Anneth. Wanaomkumbuka enzi hizo wanasema alikuwa mtu mtulivu kupita wote. Akishika kiti chake pale dirishani, haondoki mpaka kengele ya kutoka.

Mwaka 1986 lori la Stanley lilipinduka karibu na Kikatiti, mkewe akiwa pembeni yake. Kandida alitoka bila mkwaruzo, lakini Stanley alibanwa na usukani. Kandida akakimbia kutafuta msaada, na hapo ndipo lilipomtokea jambo ambalo hakuliomba. Miguu ilimchukua kama si yake. Miti na nyumba vilimpita kwa kasi asiyoielewa, na kabla vumbi la ajali halijatua alikuwa mlangoni pa hospitali mjini. Gari la wagonjwa halikuwa na petroli, kama ilivyokuwa kawaida siku zile. Lilipopatikana jingine na kufika penye ajali, Stanley alikuwa ameshakata roho. Waliokuwepo walimwambia kwamba mpaka mwisho alikuwa akiuliza, "Kandida yuko wapi?"

Kasi ile haikuondoka tena. Alifunga na kusali imtoke. Padri akamwambia ni karama, naye akajibu, "Basi apewe mwingine."

Uongozi ulimhamishia kazi ya utarishi. Barua ya Moshi aliipeleka na kurudi na jibu kabla chai ya meneja haijapoa. Mwekezaji aliponunua kiwanda alileta faksi, na matarishi wote wakapunguzwa. Ukaja mgao wa umeme, faksi ikanyamaza, na Mama Anneth akaitwa haraka arudi. Bosi mpya, kwa kumhurumia, akampa pikipiki. Aliiendesha siku moja tu, kisha akarudisha ufunguo. "Hii inasinzia, bosi," alisema.

Mjini anafahamika kwa mengine. Masika moja mto ulipofurika mtaa wa Daraja Mbili, aliwatoa watu majini mmoja mmoja, akiwabeba mgongoni, kabla waliosimama ukingoni hawajajua ni nani anayepita. Walipomtafuta wamshukuru, alikuwa ameshafika kwake, anafua. Watoto walimpa majina ya kishujaa, lakini alipoitwa hivyo hakugeuka. Chakula alikula amesimama. Kanisani alikaa karibu na mlango, na mara nyingi baraka ya mwisho ilimkosa. Aliwahi kuniambia, "Nikikaa tu, namsikia anauliza niko wapi."

Sasa lililonipata mimi. Mwaka 1994, barabara hiyo hiyo ya Moshi, pikapu ya kiwanda ilinitupa mtaroni na mguu wangu ukanaswa chini ya injini. Dereva mmoja wa lori alinikuta, akaondoka kwenda kuita msaada. Mara akatokea Mama Anneth, anarudi kutoka Moshi na barua. Alinitazama, kisha akageuka kuelekea mjini. Bila shaka angelipita lori lile njiani. Lakini mimi nilikuwa naogopa. Nikamwambia, "Mama, usiniache peke yangu."

Akasimama. Akachuchumaa, halafu akakaa kabisa, kwenye matope, akanishika mkono. Miguu yake ilikuwa ikipiga ardhi mpaka visigino vikachimba.

"Nipo," alisema. "Nipo, baba. Hebu niambie habari za nyumbani kwenu."

Nikamweleza ng'ombe wa baba yangu, rangi ya kila mmoja, na kila niliponyamaza aliuliza, "Na mwingine?" Msaada ulichelewa sana.

Mguu wangu ulikatwa. Yapo maneno yanayozunguka kantini kwamba angekimbia, ungepona. Naye alijiuliza hivyo hivyo. Alikuja wodini akawa anazunguka kitanda changu, akiniuliza kama ninamlaumu. Nilichomjibu siku ile nakiandika leo ili wote wasome. Mguu ulikuwa wangu, na aliyemwomba abaki ni mimi. Kama ungepona au usingepona, sijui. Ninachojua ni kwamba sikuwa peke yangu.

Msidhani alitulia baada ya hapo. Mpaka leo, siku za mapumziko hupanda mpaka msitu wa Meru na kushuka kabla ya misa ya pili. Ila tangu wakati ule huenda hospitali kukaa na wagonjwa wasio na ndugu. Hukaa kweli, miguu ikitikisika, mpaka manesi wanalalamika kwamba anatingisha kitanda.

Mwezi ujao Anneth anatarajia mtoto wake wa kwanza, na amemwomba mama yake aende kuishi naye Moshi. Amekubali. Amesema safari hii atapanda basi.

Mama Anneth, wafanyakazi wote tunakushukuru kwa kazi, kwa vicheko, na kwa kukaa pale ilipokuwa vigumu kukaa. Upumzike kadiri miguu itakavyokuruhusu, na kila utakapofika, uwakute uwaendeao wapo.