Mwalimu Raymundi Limbu na Wimbi la Pili

Ndugu waombolezaji, mtu tunayemzika leo aliiogopa ardhi maisha yake yote, wala hakulificha jambo hilo. Si vema tumfichie sisi.

Marehemu Mwalimu Raymundi Limbu alizaliwa tarehe 4 Mei 1910, kijijini kando ya njia ya Sikonge, mtoto wa mkulima Mzee Anton Limbu na mjukuu wa mpagazi aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani. Alipokuwa na miaka saba, asubuhi ya masika, ardhi ilitetemeka kidogo. Familia yote ikatoka mbio nje ya tembe. Kukatulia. Mzee Anton akacheka: "Imeshapita hiyo. Ngoja nichukue kiko changu." Akaingia. Mtikiso mkubwa ukafuata, na paa la udongo, zito kwa mvua, likamwangukia. Mtoto aliyaona hayo akiwa ameshikwa mkono na mama yake.

Alisoma shule ya misheni, kisha chuo cha ualimu, alikohitimu mwaka 1931. Kila mwalimu wake alimuuliza swali lilelile: kwa nini ardhi ilitikisika mara mbili? Chuoni alijibiwa. Miamba ya chini ina nyufa ndefu. Pande mbili za ufa husukumana miaka mingi zikiwa zimekwama, zikijikunja kama upinde, mpaka siku moja huteleza kwa ghafla. Mshtuko huo husafiri kwa mawimbi. La kwanza huenda kasi, likisukuma na kuvuta. Mara nyingi ni hafifu. La pili huchelewa, hutikisa kwa ubavu, nalo ndilo huangusha nyumba. Kadiri tetemeko lilivyoanzia mbali, ndivyo nafasi kati ya mawimbi hayo inavyorefuka. Jibu hilo halikumfariji. Aliogopa zaidi, maana sasa alijua kinachofuata.

Alifundisha hapa Tabora kuanzia 1932 hadi alipougua. Aliwapanga wanafunzi mstari mmoja kama wapagazi, kila mmoja mikono mabegani mwa mwenzake, akamsukuma wa nyuma. Msukumo ukafika mbele ingawa hakuna aliyeondoka mahali pake. "Mwalimu," mmoja akapaza sauti, "mzigo umefika, mpagazi bado yuko Tabora!" Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini.

Nyumbani kwake Cheyo alilala karibu na mlango. Siku moja alitoka mbio katika duka la Bwana Fakhrudin, pale Mtendeni, kitambaa cha watu kikiwa bado begani.

"Mwalimu, rudi! Ni lori la tumbaku!"

"Najua sasa, bwana. Nilitoka kwanza, nikafikiri baadaye."

Tarehe 15 Agosti 1936 alifunga ndoa na Veneranda, binti wa Mama Bernadeta wa Sikonge. Kwa desturi yetu mkwe haingii nyumbani kwa mama mkwe wake, wala hawatazamani usoni. Wote wawili waliishika sana. Alipokwenda kusalimia aliketi uani, na salamu zilipita kwa Veneranda.

Mwezi Machi 1948 alikuwa ameketi hivyo uani, Veneranda akiwa kisimani, vyungu vilipogongana taratibu na kuku wakatawanyika. Mama Bernadeta akatoka nje. Kukatulia. Akasema, kama anayeuambia ukuta, "Ugali wangu utaungua," akarudi ndani ya tembe.

Marehemu alimsimulia mkewe kwamba hapo alimwona tena baba yake akiingia. Alitaka kukimbilia barabarani. Akaingia ndani.

"Wee Raymundi! Toka! Huna haya?"

"Shikamoo, mama. Nisamehe." Akambeba.

Mama Bernadeta alimpiga kwa mwiko tangu jikoni mpaka uani. Mwiko ulikuwa bado juu ardhi ilipoyumba kwa ubavu, na paa lote likashuka nyuma yao.

Baada ya hapo Mama Bernadeta alijifungia kwa jirani. "Kaniona kichwa wazi, kanibeba kama mtoto," alilalamika. "Nitamtazama vipi?" Hakumtazama tena, wala marehemu hakudai shukrani.

Mwaka 1956 alianza kusumbuliwa na moyo. Hospitalini aliomba kitanda cha mlangoni, akapewa. Alimwambia Veneranda, "Kufa siogopi sana. Naogopa udongo juu yangu." Alifariki tarehe 9 Juni 1958, mchana, akiwa ameushika mkono wa mkewe.

Ameacha mjane, watoto watatu, Dionis, Imakulata na Sylvester, wajukuu wawili, na mama mkwe wake.

Mama Bernadeta amefika leo asubuhi kutoka Sikonge. Ameomba jeneza lifunuliwe, akamtazama usoni, wala hakuna aliyemzuia. Kisha amekuja kuketi hapa, kichwani pa kaburi, akasema tuendelee na kazi yetu. "Asiogope. Mwambieni mlangoni nipo mimi."

Mungu ampumzishe mtumishi wake, na ardhi hii itulie juu yake.